Kura ya Uji

Nimeendesha magari ya serikali tangu bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya mlingoti. Nimebeba mabwana shamba, mabwana afya, hata fahali wa maonyesho aliyeikojolea Landrova yangu kutoka mjini mpaka Ainabkoi. Lakini sijawahi kubeba mtu msumbufu kama Madam Mwihaki, na hilo nalisema kwa mapenzi.

Mwaka wa sabini na nne, uchaguzi ulipokaribia, alipewa kazi ya kufundisha watu wa Eldoret na viunga vyake namna ya kupiga kura. Ofisi yetu ya uchaguzi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha lisilofunguka. Alikabidhiwa matangazo ya kubandika, Landrova yenye kipaza sauti juu, na mimi Walubengo, dereva. Mtu mwingine angezunguka mitaani, akapiga kelele kidogo kwenye kipaza sauti, akarudi mapema kunywa chai. Yeye hakujua kufanya kazi namna hiyo.

"Bwana Walubengo," aliniambia siku ya kwanza, "kutangaza si kufundisha. Wewe ulijifunza gari kwa kutangaziwa?"

Nikamwambia nilijifunza kwa kugonga ua wa mzungu.

"Basi na wao wagonge ua mbele yetu, siku ambayo haina hasara."

Ndivyo tulivyoanza kuendesha uchaguzi wa mazoezi. Tulikuwa na katoni ya sabuni iliyotobolewa tundu juu, hilo ndilo sanduku. Tulikuwa na kamba na blanketi la kutundika kwenye kona, na nyuma ya blanketi penseli iliyofungwa uzi isije ikaibwa. Na kwa kuwa hakutaka tuonekane tunapigia debe mgombea yeyote, Madam alibuni wagombea wake wawili, chai na uji. Alama zao alizichora mwenyewe kwenye karatasi, birika na kibuyu. Birika lilifanana na bata, lakini watu walimwelewa. Ainabkoi chai ilishinda. Sokoni mjini chai ilishinda tena, na wauza uji wakalalamika kwamba hawakupewa nafasi ya kujitetea.

Kisha tukafika kwa Kofia.

Kwa Kofia lilikuwa shamba upande wa Langas. Jina lilitokana na mzungu wa zamani, ambaye hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Alipouza na kwenda zake, shamba likanunuliwa na watu waliotoka Mkoa wa Kati, waliochanga hisa mpaka ikatimia bei. Watu hao maisha yao yalikuwa mikutano. Mkutano wa maji, mkutano wa mipaka, mkutano wa kuamua siku ya mkutano. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Thuo, mwenye koti zito na sauti nzito kuliko koti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kuitikiwa.

Shemeji yake alikuwa Mama Nduta, mjane wa Kinyanjui, kaka mkubwa wa Thuo. Huyu mama alipalilia pareto za wazungu Ainabkoi mpaka mgongo ukapinda, na jasho lake ndilo lililolipia hisa ya nyumba yao. Hisa iliandikwa kwa jina la Kinyanjui. Kinyanjui alipofariki, ikaandikwa kwa jina la Thuo. Na kwa desturi ya shamba lile, mwenye hisa ndiye anayesimama mkutanoni kusema, asiye na hisa analeta chai. Mama Nduta alileta chai. Niliinywa mara nyingi, ilikuwa chai nzuri sana, na nilikasirika kila mara nilipoinywa.

Hakuwa amewahi kupiga kura. Mwaka wa uhuru alikuwa shambani kwa mzungu na mnyapara alikataa kumpa ruhusa. Uchaguzi uliofuata alikuwa kitandani pa Kinyanjui, akimuuguza. Safari hii Madam alimshika mkono akampeleka mwenyewe kwa karani wa kusajili wapiga kura, na karani akamwuliza, "Jina lako?" Si la mume wake, si la mtoto wake. Kadi aliyopewa aliifunga ndani ya leso na leso akaiweka kifuani, na hapo ilikaa.

Siku ya mazoezi watu walijaa kiwanjani. Madam alieleza yote, na mambo yalikwenda vizuri mpaka mtu mmoja aitwaye Macharia, mcheshi wa shamba, aliposimama.

"Madam, hapa kwa mkutano yetu kuna watu wanainua mikono miwili. Huko kwa kura, ni nini itazuia mtu kurudi tena?"

"Wino," akasema Madam. "Ukipiga kura unapakwa wino kwenye ukucha wa kidole kidogo cha kushoto. Mwenye alama haruhusiwi kurudia, awe nani."

Sasa wino wenyewe hatukuwa nao. Mkubwa wetu ofisini alikataa katakata kuutoa kabla ya siku, kwa hiyo tulikuwa na maji ya mkaa. Macharia akapiga kura, akapakwa, akaenda kwenye ndoo, akanawa mbele ya watu wote, akaja kuomba karatasi ya pili. Kiwanja kizima kilicheka. Mzee Thuo alicheka kuliko wote.

Madam Mwihaki hakupenda kuchekwa. Aliniamuru niwashe gari, tukateremka mpaka njiapanda, kwenye duka la Ali na mkewe Safia. Ali alikuwa na lori la kubeba mahindi na mara nyingi alikuwa safarini. Safia ndiye aliyekuwa dukani, akipima sukari.

"Safia, nataka kitu ya kupaka kidole, isiyotoka kwa maji."

"Kuna harusi?" Safia akaniangalia mimi, akamwangalia Madam, akatabasamu vibaya.

"Ni uchaguzi!" Madam akasema haraka, na masikio yangu yakapata moto.

"Basi hina. Kwa maji haitoki. Kwa sabuni haitoki. Ikitoka, nirudishie na huo mkono."

Madam alifurahi sana. Aliuliza kama inachoma ngozi, akaambiwa hapana. Aliuliza bei, Safia akakataa pesa. Hakuuliza itatoka lini. Wala mimi sikuuliza. Kwetu Bungoma hina hatuijui, na wale wa kwa Kofia hawakuijua zaidi yetu. Kwa Safia jambo lenyewe lilikuwa la kawaida mno hata asingefikiria kulisema.

Safia alikuja mwenyewe kiwanjani na bakuli, akampaka kila aliyepiga kura. Kisha ikajulikana kwamba hina hukaa muda mrefu kabla haijashika. Basi ungeona ajabu, watu wazima wa kwa Kofia, waume kwa wake, wamekaa kwenye majani wamesimamisha vidole vidogo hewani, hawashiki kitu, mpaka jua likaegemea. Madam alipakwa wa kwanza, ili wasiogope. Mimi nilipakwa kwa sababu Safia alinishika mkono kabla sijakimbia. Mzee Thuo peke yake ndiye aliyekataa.

"Mimi mwenyekiti nifundishwe kushika penseli?" alisema, akaweka mikono nyuma ya koti. "Nyumba yetu yote ni jembe, na hiyo imeisha." Wagombea wa kweli walikuwa na alama zao, jembe, taa na saa, na Thuo alikuwa mtu wa jembe.

Zamu ya Mama Nduta ilipofika, alisimama mbele ya blanketi akaliangalia.

"Huko ndani nani ataingia na mimi?"

"Hakuna, cucu," Madam akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Wewe peke yako."

"Hata Thuo?"

"Hata Thuo. Hata mimi. Hata Bwana Walubengo na hizi masharubu zake."

"Na nikitoka, akiniuliza?"

"Kura ni siri yako. Ukitaka unamwambia. Usipotaka, humwambii mtu."

Akaingia. Akatoka, akatumbukiza karatasi yake kwenye katoni, lakini hakwenda kwa Safia. Alirudi akamshika Madam mkono.

"Niruhusu niingie tena kidogo. Sitapiga. Nataka tu kusimama."

Madam akamfunulia blanketi. Sisi tukangoja. Miguu yake ilionekana chini ya pindo, imetulia, na hakuna aliyemwita, hata Macharia. Nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, na mapenzi hayo hayajaisha.

Uji ulishinda kwa kishindo. Watu wakacheza.

Siku zikapita, na harufu ya mafuta ya taa ikaanza kuingia kwenye gari langu. Niligundua ni Madam. Alikuwa akisugua ukucha wake kwa ndimu, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, na ukucha ukabaki mwekundu kama tofali.

"Madam, hii kitu haitoki," nilimwambia, nikamwonyesha wangu.

"Najua haitoki! Lakini wino ya serikali ni zambarau. Mtu mwenye macho yake hawezi kukosea."

Alisahau kwamba kuna watu wanaotumia amri mahali pa macho.

Siku ya uchaguzi ilikuwa na ukungu na baridi ya huku ile inayoingia kwenye mifupa. Tulizungukia vituo vya mjini kwanza, kwa hiyo tulipofika shule ya msingi karibu na kwa Kofia jua lilikuwa limeshatoka. Niliona jambo haliko sawa kabla sijazima injini. Mstari ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Wengine walikuwa wakiingia darasani mmoja mmoja. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, walisimama kando ya ukuta kama wanafunzi waliochelewa. Mbele yao, juu ya jiwe, alikaa Mama Nduta katika kitambaa chake cheupe cha kanisani na viatu alivyovinunua kwa harusi ya binti yake. Alikuwa amefika kituoni wa kwanza kabisa.

"Nimeambiwa nimeshapiga," alisema. Hakulia. Alituonyesha kidole tu.

Msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Shitanda, mwalimu mkuu aliyeletwa kutoka mbali, mwenye miwani na filimbi shingoni. Alikuwa mtu mwaminifu mpaka anachosha. Madam alimweleza kila kitu: mazoezi, hina, katoni ya sabuni. Alimwonyesha ukucha wake mwenyewe. Akamwambia atazame daftari lake, majina ya watu hao hayajakatwa.

"Madam, nakuheshimu," Shitanda akasema. "Lakini order iko wazi. Kidole yenye alama haipigi. Haikusema alama ya rangi gani. Nikiruhusu hawa, kesho nitaulizwa mimi, si wewe."

Wakati huohuo Mzee Thuo akatoka darasani, kidole chake kikiwa na wino mbichi wa zambarau, amekiinua ili watu wakione. Yeye aliyekataa kufundishwa alikuwa amepita bila swali. Wanafunzi wote wa Madam walikuwa ukutani.

Madam akageuka, akaja akasimama nyuma ya Landrova. "Amengoja tangu uhuru," akasema, "na mlango nimemfungia mimi." Sijui la kufanya na mwanamke anayelia. Nilimpa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, akakitumia, akabaki na mstari mweusi shavuni. Tukaamua kukimbia mjini kumtafuta mkubwa wetu, ingawa tulijua siku kama ile kumpata si rahisi.

Nilikuwa nimeshika ufunguo nilipomwona Safia akija barabarani katika buibui lake. Idd ilikuwa karibu na alikuwa amejipamba mapema, kwa maana siku zilizobaki zilikuwa za kuwapamba wengine. Mikono yake ilikuwa na maua ya hina kutoka kwenye viganja mpaka vifundoni, na kucha zote zilikuwa nyekundu. Alikuwa amefunga na hakuwa na haraka. Akasimama mbele ya Shitanda, akatoa kadi.

Shitanda akaitazama mikono hiyo, akashusha pumzi. "Hii ni ya Idd?"

"Ni ya Idd, mwalimu."

"Haya. Karani, huyu mpake kwa ngozi, hapa juu ya kiungo, ionekane." Akampisha.

Mama Nduta akasimama kutoka kwenye jiwe.

"Mwalimu," akasema, "niko na swali."

Watu wa kwa Kofia waligeuka wote. Walikuwa hawajawahi kuisikia sauti hiyo mbele ya watu isipokuwa inauliza nani hajapata sukari.

"Shemeji, keti," Mzee Thuo akasema kwa upole. "Hayo ni maneno ya ofisi."

"Thuo, nyamaza kidogo."

Nikaliachia shikio la mlango wa gari. Madam aliacha kufuta uso. Mzee Thuo alishusha kidole chake cha wino, na nina hakika alikuwa akijaribu kukumbuka kama jambo hilo limewahi kumtokea.

Mama Nduta akamfuata Safia mlangoni, akauchukua mkono wake, akauinua.

"Huyu mama yuko na vidole kumi. Amepiga kura mara kumi?"

Mtu mmoja akacheka ukutani, wa pili akamfuata.

"Hapana," Shitanda akasema. "Hiyo ni hina."

"Sawa. Na hii yangu, ni yeye alinipaka. Bakuli ni hiyo moja, mkono ni huu wake. Kwake ni hina, kwangu inakuwa kura? Ama hina inajua nani ni nani?"

Sasa kicheko kilienea ukuta mzima, lakini yeye hakucheka. Niliona leso kifuani mwake inapanda na kushuka.

"Mwalimu, mimi nilifundishwa vizuri. Niliambiwa mwenye alama asirudie, na siwezi kurudia. Mimi sijaanza."

Shitanda akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akawaita mawakala wa wagombea, wa jembe, wa taa na wa saa, wakanong'ona mlangoni. Hao walipouangalia ukuta waliona kura zimesimama zinangoja, na hakuna hata mmoja aliyetaka zirudi nyumbani. Shitanda akamwuliza Safia kama ni yeye aliyewapaka watu hawa.

"Ni mimi. Na Madam. Na yule dereva pale anaficha mkono."

Nikautoa mkono mfukoni.

"Basi wote wa kidole nyekundu watapakwa kwa gumba ya kulia," Shitanda akatangaza, akapuliza filimbi ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Kisha akainama kidogo mbele ya Mama Nduta. "Mama, umenishinda. Ingia. Wewe ulikuwa wa kwanza."

Akaingia. Alikaa huko muda mrefu. Mzee Thuo alikuwa akizungukazunguka karibu na mlango, mpaka Shitanda akamsukuma nyuma kwa filimbi.

"Anachelewa kwa sababu hajui kushika penseli," Thuo alituambia.

"Anajua," Madam akasema.

Nilikuwa najua anafanya nini. Alikuwa amesimama tu.

Alipotoka, gumba lake lilikuwa la zambarau na kidole kidogo chekundu, na mikono yote miwili aliishikilia mbali na nguo zake. Madam alitaka kumkumbatia, akashindwa aanzie wapi, akaishia kumshika mabega, na wote wawili wakawa wanacheka na machozi yanawatoka. Mimi niliangalia tairi la mbele, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mzee Thuo alikuja polepole. Sauti yake haikuwa nzito kama kawaida.

"Shemeji. Umepigia jembe, sivyo?"

Mama Nduta akamtazama. Hakuwa na hasira, nami naapa alikuwa akimwonea huruma.

"Nimepigia uji."

"Uji?" Thuo akamgeukia Madam, akanigeukia mimi, kisha akamrudia. "Lakini uji haikuwa kwa karatasi!"

"Kwa yako haikuwa," akasema Mama Nduta. "Kwa yangu ilikuwa." Akafunga kitambaa chake vizuri, akashika njia ya kwenda kwake.